Acheni Kuwahubiria Vijana Koneksheni

Nenda kwenye semina yoyote ya vijana, iwe Dodoma, Mwanza au Dar es Salaam, kaa mpaka kipindi cha maswali, na utalisikia. Kijana aliyemaliza chuo miaka miwili iliyopita atasimama kuuliza afanye nini, maana ametuma maombi mpaka amechoka. Mtoa mada atashika maikrofoni na kumjibu kwa uhakika wa mtu anayesoma sheria: siku hizi vyeti havitoshi, kazi ni kujuana, kajenge koneksheni. Ukumbi utapiga makofi. Kijana ataliandika neno hilo kwenye daftari, na kesho yake atapanda basi kurudi kwa mama yake, Kondoa au Tandahimba, ambako hakuna mkurugenzi hata mmoja wa kujuana naye.

Jibu hilo nalipinga. Nalipinga linapotolewa na mtoa mada mwenye suti, linapotolewa na baba mdogo anayesema "tafuta mtu wa kukushika mkono", na linapotolewa mitandaoni na wale wanaodai kwamba thamani ya mtu ni wingi wa watu anaowajua. Wengi wao wana nia njema, wanaamini wanampa kijana siri ya maisha. Wanachompa ni lawama ya kosa ambalo hakulitenda. Nafasi ikitolewa gizani, aliyeitoa gizani ndiye wa kuulizwa. Lakini ukimwambia kijana kwamba alikosa kwa sababu hakujuana na watu, umeshamwondolea mwajiri swali lote na kulipeleka kwa aliyekosa.

Nianze na jambo ambalo sibishani nalo. Habari za kazi hupita midomoni mwa watu, na zimepita hivyo tangu zamani. Fundi mwashi aliyepata nyumba ya kujenga Chanika hatangazi gazetini kwamba anataka saidia fundi wawili. Humpigia simu kijana aliyechanganya naye zege mwezi uliopita, na huyo humleta mwenzake. Dereva wa daladala akiugua, gari hukabidhiwa deiwaka ambaye kituo kizima kinajua kwamba haendeshi akiwa amelewa na hesabu ya tajiri haipungui mikononi mwake. Mama lishe humchukua binti wa jirani kwa kuwa amemwona akiamka alfajiri kuwasha moto na kuosha vyombo bila kusukumwa. Hapo sioni aliyedhulumiwa. Anayependekeza ameiona kazi ya anayempendekeza. Anayeajiri anatumia fedha yake mwenyewe. Na aliyeletwa akiharibu, ataondoka jioni hiyohiyo, na aliyemleta ataona aibu.

Koneksheni inayohubiriwa kwenye kumbi haina hata moja kati ya hayo. Ichukue kwa umbo lake linalojulikana zaidi katika ofisi zetu, yaani kimemo. Zamani kilikuwa kipande cha karatasi chenye saini ya mkubwa, leo ni ujumbe wa WhatsApp au simu ya dakika moja: "Huyu ni kijana wangu, naomba umsaidie." Aliyekiandika hajawahi kumwona kijana huyo akifanya kazi yoyote. Nafasi anayoiombea si mali yake wala ya anayemwandikia, ni ya umma au ya wanahisa. Na mtu akishaingia kwa kimemo, nani atamgusa? Msimamizi wake anajua simu ile ilitoka wapi. Akichelewa, ananyamaziwa. Akikosea hesabu, mwenzake aliyeingia kwa mtihani hukesha akizirekebisha. Mgonjwa, mlipa kodi na mkulima anayefuata ruzuku ya mbolea ndio wanaolipa gharama hiyo, kwa muda wao na wakati mwingine kwa afya zao.

Wahubiri waliosoma huja na kinga ya kitaalamu. Hupenda kumtaja Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, ambaye mwaka 1973 alichapisha makala maarufu kuhusu nguvu ya watu tunaofahamiana nao kwa mbali, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kuhusu namna watu wanavyopata kazi. Alichunguza wanaume 282 wa Newton, mji ulio kando ya Boston, wote wakiwa wa kazi za kitaalamu, kiufundi au za umeneja. Zaidi ya nusu walisema walipata kazi kupitia mtu wanayemjua, na wengi wao waliambiwa na mtu ambaye huonana naye mara mojamoja, si ndugu wala rafiki wa kila siku. Basi, husema wahubiri wetu, toka nje ukakutane na watu.

Wangeendelea kusoma. Wanaume wale wa Newton walikuwa wakihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, na wengi wa waliowapelekea habari walikuwa watu waliofahamiana nao kazini: bosi wa zamani, mwenzao wa ofisi ya awali, mtu wa kampuni nyingine waliyewahi kushirikiana nayo. Walikuwa na watu kwa sababu walikuwa wameshafanya kazi. Huwezi kuchukua matokeo hayo ukamkabidhi binti wa miaka 24 ambaye hajaajiriwa hata siku moja, ukamwambia atumie mtandao ambao mtu huupata akiwa kazini ili aingie kazini. Unamzungusha. Na kumbuka kwamba kilichopita katikati ya watu wale kwa kiasi kikubwa kilikuwa habari: kuna nafasi mahali fulani, nenda ukajaribu. Kwetu habari na upendeleo vimefungwa kwenye kifurushi kimoja, kisha kifurushi kizima kikaitwa ujanja wa maisha.

Upo pia utafiti mpya zaidi. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa ndani ya mtandao wa LinkedIn, yakihusisha watu milioni 20 kwa muda wa miaka mitano. Yalithibitisha kwamba kufahamiana kwa mbali, kwa kiasi fulani, huwasaidia watu kuhama kazi. Lakini yalionyesha pia jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye semina: faida hiyo ilikuwa kubwa katika sekta zinazotumia sana teknolojia ya dijitali, na katika sekta zisizoitumia sana, waliofaa zaidi walikuwa watu wa karibu. Sasa tazama uchumi wetu ulivyo. Sehemu kubwa ya ajira zetu haipo kwenye programu za kompyuta; ipo kwenye halmashauri, shule, maduka, viwanda vidogo, mashamba na miradi ya ujenzi. Huko, kwa kipimo cha utafiti huohuo, kinachofungua mlango ni mtu wa karibu: damu, ndoa, kijiji, dhehebu, shule ya bweni mliyosoma pamoja. Mambo hayo hayajengwi kwa kubadilishana namba za simu wakati wa chai. Ama mtu huzaliwa nayo, ama wazazi wake huyanunua kwa ada. Kumwambia asiye nayo akayajenge ni kumwambia akabadilishe wazazi.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo fundisho lote linapoanguka. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596, waliomba watu zaidi ya 135,000. Ni takriban watu 85 kwa kila nafasi. Chukulia kwamba wote waliitii semina. Chukulia kila mmoja alihudhuria hafla, akasambaza kadi, akapata mjomba makao makuu anayempigia simu mkurugenzi. Siku ya matokeo, zaidi ya 133,000 wangerudi nyumbani mikono mitupu vilevile. Koneksheni haiongezi nafasi hata moja. Ni kusukumana kwenye foleni ya dirisha moja: anayepita mbele amempita mwenziwe, na dirisha linabaki lilelile. Ushauri unaomfaa mtu kwa sababu tu wenzake hawana anachonacho unaweza kunong'onwa na baba kwa mwanawe. Hauwezi kusimamishwa jukwaani mbele ya vijana mia tano na kuitwa suluhisho la ajira, maana mia tano wote wakiufuata unakufa papo hapo.

Fundisho hili linanikera zaidi ninapoutazama umri wa baadhi ya wanaolitoa. Kabla ya Sokoine kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1984, Tanzania Bara ilikuwa na chuo kikuu kimoja, Dar es Salaam, na wahitimu wa miaka ile walipangiwa kazi na serikali. Mtu alimaliza Mlimani, akapokea barua yenye jina la wizara au la kituo, akafunga sanduku lake akaenda. Mtoto wa mkulima wa Songea na mtoto wa karani wa Tanga walipokea barua za namna moja. Sisemi turudi huko. Mpango ule ulitegemea wahitimu wachache na serikali iliyokuwa mwajiri wa karibu kila msomi, na vyote viwili vimeondoka. Nasema kwamba kizazi kilichoingia kazini kwa kushikwa mkono na utaratibu wa nchi hakina haki ya kumtazama kijana wa leo na kumwambia kwamba anakosa kazi kwa sababu hajui kujichanganya na watu.

Wenzangu wananijibu kwamba haya ni maneno ya mtu asiyeijua dunia. Upendeleo upo, wanasema, tumeuona kwa macho, na anayemnyima kijana ukweli huo anamwangamiza. Wananikumbusha mwaka 2014. Nami naukumbuka vizuri. Mwezi Juni mwaka ule vijana zaidi ya 10,000 walijaa kwenye majukwaa ya Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa Idara ya Uhamiaji, na nafasi zilikuwa 70. Baadaye mwaka huohuo, katika ajira nyingine za idara hiyo, za konstebo na koplo, malalamiko yalizagaa kwamba orodha ya waliochaguliwa imejaa ndugu wa watumishi, na Wizara ya Mambo ya Ndani ikazisitisha. Wengi walisema: si tuliwaambia, nchi hii ni kujuana.

Mimi nasoma kisa hicho kwa namna nyingine. Orodha ile ilisimamishwa kwa sababu watu waliisoma majina, wakafananisha koo, wakapiga kelele. Walikataa kuiona kuwa ni kawaida. Kama kila aliyeiona angeinua mabega na kusema ndivyo dunia ilivyo, afadhali nami nitafute mtu wangu, ingepita kimya na wahusika wangeripoti kazini mwezi uliofuata. Hili ndilo ninalowaomba wahubiri walifikirie: mafundisho yenu ndiyo ngao ya waandika vimemo. Mkishawazoesha vijana kwamba upendeleo ni kanuni ya mchezo, hatakuwepo wa kuisoma orodha kwa hasira. Kila mmoja ataisoma akijiuliza tu ni nani angemweka yeye humo.

Upendeleo upo, na upo utaratibu unaopigana nao. Tulitunga Sheria ya Utumishi wa Umma namba 8 ya mwaka 2002, ikafanyiwa marekebisho mwaka 2007 yaliyoleta Sekretarieti ya Ajira, ili anayeajiriwa serikalini asichaguliwe na mkuu wa idara aliye na mpwa nyumbani. Nafasi hutangazwa hadharani, maombi hupita kwenye Ajira Portal, kuna mchujo wa maandishi na usaili wa ana kwa ana, na wanaofaulu lakini nafasi zikajaa majina yao huwekwa kwenye kanzidata wakisubiri nyingine. Mfumo huo una kasoro, tena zinaumiza: safari za gharama kwenda kwenye usaili, ukimya baada ya matokeo, mtu kuambiwa hakufaulu bila kujua alikwama wapi. Hata hivyo kila mwaka wapo vijana wanaopita humo bila kumjua mtu yeyote. Kila mmoja wetu anamfahamu angalau mmoja: mtoto wa mkulima, muuguzi au afisa kilimo, aliyetuma maombi akiwa kwenye kibanda cha intaneti cha stendi. Na swali la kwanza tunalomtupia akirudi likizo ni "Nani alikubeba?" Kijana amesoma usiku na mchana, amewashinda mamia kwa kalamu yake, na sisi tunamvua ushindi wake sebuleni kwao, mbele ya wadogo zake, ambao hapo hapo wanajifunza kwamba kusoma ni kujichosha bure.

Wapo pia wanaoamini fundisho hili kiasi kwamba hawaombi tena. Tangazo linatoka, wanasema lina wenyewe, wanalipita. Hawa hakuna kimemo kilichowazuia. Wamezuiwa na sisi.

Na wapo wanaoamini mpaka wanatapeliwa. Sekretarieti ya Ajira imetoa tahadhari mara kwa mara dhidi ya watu wanaojifanya maofisa na kuwaahidi waombaji kazi kwa malipo. Jiulize kwa nini utapeli huo hauishi. "Nina mtu wangu ndani, ila anataka kidogo cha kuwagawia wenzake": sentensi hiyo inamwingia mtu kwa urahisi kwa sababu tumeshamwandaa kuiamini. Baba anauza ng'ombe, mama anachukua fedha ya kikoba, zinatumwa kwa simu, na namba haipokei tena. Tapeli hakuhitaji kusema uongo mkubwa. Alirudia tu alichosema mtoa mada kwenye semina, akaongeza bei.

Kwa wasichana madhara yana sura mbaya zaidi, na hapa sitaki kupita haraka. Kijana wa kiume akiambiwa akatafute watu wakubwa, hatari yake kubwa ni kudharauliwa getini. Binti akiambiwa hivyohivyo, anatumwa peke yake kwa mwanamume mwenye cheo, kuomba fadhila ambayo haina fomu, haina shahidi, haina namba ya kumbukumbu. Kitu kinachoombwa faragha hujibiwa faragha. "Tuonane jioni tuongelee hilo suala lako." Akikataa, hakuna mahali palipoandikwa kwamba alinyimwa haki yoyote, kwa maana hakuwa ameomba kazi, alikuwa amekwenda kujenga koneksheni. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaifanya rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Lakini kifungu hicho kinahitaji mashahidi na mazingira ya kuthibitika, na ushauri wetu unawapeleka mabinti mahali pasipo na mashahidi. Mzazi anayemwambia binti yake "nenda kamwone fulani, atakusaidia" ajiulize kama angesema hivyo iwapo kungekuwa na dirisha la wazi la kupeleka barua ile ile.

Hata pasipo na mwenye nia mbaya, wanawake huachwa nje. Nchini Malawi, Lori Beaman, Niall Keleher na Jeremy Magruder walifanya jaribio, wakalichapisha mwaka 2018. Waliwataka watu walioomba kazi ya kukusanya takwimu kila mmoja apendekeze mwingine anayefaa. Wanaume walioachiwa uhuru wa kumpendekeza yeyote walitaja wanawake wachache, ingawa wale waliotakiwa wazi kumleta mwanamke waliweza kumleta mwenye uwezo. Hawakukosa wanawake wa kuwataja. Walipofikiria kazi, aliyewajia akilini alikuwa mwanamume mwenzao. Hivyo mahali ambapo nafasi husambaa kwa kuambizana, anayeambiwa hufanana na anayeambia. Mtu mwenye ulemavu, ambaye sheria yetu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi awe naye kwa angalau asilimia tatu ya wafanyakazi, hayupo kijiweni habari zinapopita, wala hayupo kwenye grupu la WhatsApp la waliosoma shule fulani.

Majirani zetu wa Kenya waliona kujuana kukiachwa kutembee kunaishia wapi. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, walitunga Sheria ya Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, na kifungu chake cha 7 kinakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Nchi haiweki kikomo cha namna hiyo bila kuumia kwanza. Kila aliyemvuta mwenzake ofisini aliona anafanya wema mdogo kwa mtu wa kwao; wema mdogo ulipojumlishwa kwa miaka mingi, kuna waliotazama jengo la serikali na kuona la watu wengine.

Hoja moja ya upande wa pili naiheshimu, na ndiyo yenye uzito kuliko zote: uaminifu. Mwenye duka la jumla Kariakoo huachia mfanyakazi funguo, stoo na mauzo ya siku nzima. Cheti hakimwambii kama mtu huyu ataondoka na fedha Jumamosi. Ndiyo maana anataka mtu aliyeletwa na mtu. Namwelewa, na hata sheria ikimtaka atangaze, moyo wake utabaki palepale. Lakini tuulize: ni aina gani ya kuletwa inayomlinda? Beaman na Magruder walilipima swali hilo Kolkata, India, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012. Waliwalipa watu ili wamlete mtu wa kufanya kazi fulani. Wengine walilipwa kiasi kilekile hata aliyeletwa afanye vipi. Wengine malipo yao yalitegemea alivyofanya kazi. Wale ambao malipo yao yalitegemea kazi ya waliyemleta walipunguza kuleta ndugu, wakaleta zaidi watu waliofanya nao kazi, na wenye uwezo miongoni mwao walileta wenye uwezo. Maana yake ni kwamba watu wanajua vizuri nani anaiweza kazi. Wanamleta ndugu pale ambapo kumleta hakuwagharimu kitu.

Basi tajiri wa Kariakoo asimtafute mtu aliyeletwa tu. Amtafute mdhamini anayeweza kusema kwa maandishi: nilifanya kazi na huyu mahali fulani, alishika fedha, sikuona kasoro, na akiharibu nami niulizwe. Hiyo ni dhamana, kama ile ya fundi mwashi na saidia fundi wake. Kimemo hakina dhamana. Mwandishi wake akiulizwa baada ya mwaka, atasema hakumbuki.

Na wale wanaonikumbusha kwamba undugu si kufanana bali ni kufaana, nawaambia methali hiyo naikubali yote. Mfae ndugu yako kwa kilicho chako. Mlipie nauli ya kwenda kwenye usaili, mpe kitanda siku tatu akiwa mjini, mtumie tangazo la kazi ulilokutana nalo, mkalie usiku umfundishe namna ya kujibu maswali, msomee barua yake na umsahihishe. Mambo hayo yote ni kufaana na hakuna mtoto wa mtu anayelia kwa ajili yake. Nafasi ya uhasibu ya halmashauri haimo kwenye urithi wenu.

Kwa hiyo napendekeza tuhamishe mahubiri. Tuyatoe kwa vijana, tuyapeleke kwa wanaoajiri. Kampuni yenye wafanyakazi mia na idara ya rasilimali watu haina sababu ya kujaza nafasi kwa kuulizana kwenye korido. Itangaze, iseme mshahara uko kati ya kiasi gani na kiasi gani, iseme mtihani utapima nini, na kila anayekaa kwenye jopo la usaili asaini kwamba hana ndugu wala mkwe kwenye orodha, au kama anaye atoke. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 tayari inakataza ubaguzi kazini. Kinachokosekana ni mazoea ya kumuuliza mwajiri alimpataje huyu aliyemchukua. Aliyekosa aambiwe alipata alama ngapi na alikwama wapi, ili arudi safari nyingine akiwa bora, badala ya kurudi kijiweni kubuni jina la mjomba aliyemshinda.

Lakini kama ningeruhusiwa kudai jambo moja tu, ningeanzia vyuoni, kwenye fildi. Hapo ndipo koneksheni inapopandishwa cheo mapema na watu wazima wanatazama. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili hupewa barua ya chuo na kuambiwa akatafute mwenyewe mahali pa mafunzo kwa vitendo. Mwenye shangazi benki anakwenda benki. Mwenye baba mkandarasi anakwenda kwenye barabara inayojengwa. Asiye na mtu anazunguka na barua hiyo ofisi kwa ofisi chini ya jua, anaambiwa nafasi zimejaa, na mwisho anajishikiza popote ili alama zake zisipotee, akapige chapa na kupeleka mafaili kwa wiki nane. Miaka miwili baadaye waajiri wanataka uzoefu, na mdhamini aliyemwona kazini. Wa kwanza na wa pili wanaye mtu wa kumtaja. Wa tatu hana, kisha tunamkusanya kwenye ukumbi tumweleze kwamba tatizo lake ni kutojenga koneksheni.

Vyuo vinaweza kukomesha hilo bila kusubiri bunge. Vinayajua majina ya wanafunzi wote, vinaweza kuwaandikia mabenki, halmashauri, hospitali na wakandarasi, vikusanye nafasi zilizopo, vizigawe kwa alama au kwa kura, na vimtaje kwa kila mwanafunzi msimamizi atakayewajibika kumwandikia alivyofanya. Wapo wahadhiri wanaofanya hivyo kwa juhudi zao binafsi, kwa simu zao na muda wao, na wanafunzi wao huwakumbuka maisha yote. Iwe kazi ya ofisi yenye bajeti na mkuu anayeulizwa, na ianze kabla ya barua za fildi za mwaka huu kuchapwa.